Ukienda Kusainiwa Kitabu cha Mwanasiasa: Mwongozo kwa Msomaji wa Goba

Tangazo likiingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba Mheshimiwa fulani anazindua kitabu chake Jumamosi, watu huuliza ukumbi, saa, na kama usafiri umeandaliwa. Wewe anza na swali jingine: kitabu chenyewe kinauzwa wapi, na je, naweza kukipata kabla ya siku hiyo? Jibu lake ndilo litakaloamua kama utarudi nyumbani na maarifa au utarudi na picha kwenye simu tu.

Vitabu vya viongozi wetu ni vichache, na kila kimoja kina uzito wake. Neno la jukwaani kiongozi anaweza kulikana, akasema alinukuliwa vibaya. Ukurasa uliochapwa kwa jina lake hawezi kuukana. Siku ya kusaini, mwananchi wa kawaida anasimama mbele ya mkubwa akiwa ameshika maneno ya mkubwa huyohuyo mkononi. Nafasi hiyo haiji mara nyingi, na inauma kuiona ikiishia kwenye fulana na picha za pamoja.

Kwanza ujue unakwenda kwenye nini. Kwetu hafla hizi ni za aina mbili, na wanaozichanganya hupoteza siku nzima. Aina ya kwanza ni uzinduzi: kuna mgeni rasmi, meza kuu, wimbo wa taifa, burudani, hotuba juu ya hotuba, kisha utepe unakatwa na nakala za kwanza zinakabidhiwa kwa wakubwa kwa mujibu wa itifaki. Hayati Benjamin Mkapa alizinduliwa kitabu chake, My Life, My Purpose, tarehe 12 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na mgeni rasmi alikuwa Rais John Magufuli. Mzee Ali Hassan Mwinyi naye alipotimiza miaka 96, tarehe 8 Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alimzindulia Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu katika ukumbi huohuo, na akamzawadia gari la Mercedes-Benz. Hafla ya ukubwa huo ni ya taifa zima. Nenda ukasikilize na ukashuhudie, lakini usiipange safari yako kwa ajili ya saini. Mwandishi ana umri mkubwa, amezungukwa na walinzi, na atakayesainiwa papo hapo ni aliye karibu na meza kuu.

Aina ya pili ni kikao cha mwandishi na wasomaji. Hiki hufanyika kwenye duka la vitabu, chuo kikuu, maktaba, ukumbi wa kanisa au hata ukumbi wa sherehe wa mtaani. Mwandishi hukaa mezani na kalamu, watu wakapanga foleni, na maswali yakaulizwa. Kama unataka saini na mazungumzo, subiri kikao cha namna hii. Ukikosa tangazo lake, wapigie wachapishaji simu uulize. Kazi yao ni kuuza kitabu, kwa hiyo hawatakuficha. Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 na iliyochapa kitabu cha Mkapa, ni ya kuulizia kwanza kwa vitabu vya siasa na historia. Maduka ya kuyapitia ni TPH pale Samora, A Novel Idea pale Slipway, na Soma Book Café pale Regent Estate, ambako mazungumzo ya vitabu ni jambo la kawaida.

Sasa safari. Goba siku hizi iko Manispaa ya Ubungo, lakini kila kitu cha vitabu bado kiko mbali nayo. Kwa kwenda mjini una njia mbili zinazofaa. Unaweza kupanda daladala inayopita Makongo ukatokea Chuo cha Ardhi, ukafika Mwenge au Makumbusho, kisha ukaunganisha Posta. Au ushuke Mbezi Mwisho, utafute mwendokasi wa Kivukoni. Ukumbi wa Nyerere uko kwenye makutano ya Shaaban Robert na Garden Avenue, na ukishuka Posta ya Zamani unatembea kwa miguu. Kama Rais ndiye mgeni rasmi, ondoka alfajiri. Barabara zitafungwa kupisha msafara, na milango ya ukumbi itafungwa muda mrefu kabla yeye hajaingia; ukichelewa kwa dakika kumi utaiangalia hafla kwenye simu ukiwa chini ya mwarobaini. Beba kitambulisho na kadi ya mwaliko, acha chupa na begi kubwa nyumbani. Fikiria na kurudi pia: hotuba zikivuka magharibi, panga na mwenzako mmoja au wawili wa Goba mchangie gari, maana bodaboda ya usiku kutoka Njia Nne hadi ndani Kinzudi au Matosa si jambo la kulikabidhi kwa bahati.

Mavazi nayo yana lugha yake. Kijani na njano vikikaa pamoja ni CCM, kombati ya kaki ni Chadema, zambarau ni ACT-Wazalendo. Kama umekwenda kama msomaji, vaa rangi isiyosema kitu. Ukiwa mwanachama na unajivunia, vaa sare yako bila woga, ila ujue kwamba swali lako litapimwa kwa sare hiyo kabla halijasikilizwa.

Itikio la salamu za chama huwapa wageni taabu bure. MC atasema "Kidumu Chama cha Mapinduzi" na ukumbi utaitikia "Kidumu". Kwingine utasikia "Peoples" na jibu lake ni "Power". Kama wewe si mwanachama, tulia, tabasamu, usiinue mkono. Hakuna mwenye akili atakayekulaumu, na kuitikia kwa kuogopa macho ya watu ni kujidhalilisha. Wimbo wa taifa ni jambo tofauti: huo ni wetu sote, simama wima.

Kwa kuamkia, tanguliza umri kabla ya cheo. Mwandishi akiwa mkubwa kwako, "Shikamoo Mzee" au "Shikamoo Mama" inatosha na inampendeza kuliko mlolongo wa vyeo. Aliye madarakani mwite Mheshimiwa. Wafuasi wake watakuwa wakiitana Ndugu, Komredi au Kamanda. Hayo ni majina ya ndani, waachie wenyewe. Na kama wewe ndiye mkubwa na mbunge kijana akakuamkia, itikia marahaba kwa utulivu, usimkatize na maombi ya barabara ya mtaa. Barabara ina siku yake na ofisi yake.

Kuhusu kitabu chenyewe, nataka tukae kidogo. Ukinunua pale mlangoni, lipa kwa Lipa Namba au taslimu, lakini usiondoke mezani mara moja. Kifungue. Pitisha kidole gumba kurasa zote kwa haraka uone kama kuna kurasa zilizorudiwa, zilizoachwa nyeupe au zilizofungwa kichwa chini. Makosa ya mtambo hutokea hata kwa wachapishaji wazuri. Angalia kama picha zimetoka. Angalia jina la mchapishaji na namba ya ISBN, kwa sababu nakala za kudurufu huuzwa nje ya kumbi hizihizi kwa bei ya chini, na kila shilingi inayokwenda huko inaufanya uchapishaji wa kitabu kinachofuata kuwa mgumu zaidi. Fanya ukaguzi huo kabla ya saini, kwa kuwa kitabu kilichokwisha kusainiwa hakuna atakayekubali kukibadilisha.

Halafu tafuta mahali ukae, usome sehemu tatu: shukrani, yaliyomo na faharasa. Shukrani zitakueleza nani alifanya kazi ya kuhoji, kuandika na kuhariri. Hilo si la aibu. Taasisi ya Uongozi ilisaidia vitabu vya Mkapa na Mwinyi, na wazee wale wasingeweza kukusanya maisha marefu hivyo peke yao. Lakini ni vema ujue sauti unayoisoma imepitia mikono mingapi. Yaliyomo yatakuonyesha miaka ipi imepewa kurasa nyingi na ipi imerukwa. Na faharasa ndiyo mwalimu mkuu: tafuta jina la mpinzani wake mkubwa, tafuta tukio lililomtia doa. Likiwepo, fungua ukurasa huo kwanza. Lisipokuwepo, swali lako limepatikana.

Nitoe mfano wa swali zuri. Mwaka 1991, Mzee Mwinyi akiwa Rais, Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kibaki, na asilimia 20 ndio walitaka vingi. Hata hivyo mfumo wa vyama vingi ukaruhusiwa, na sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Msomaji angeweza kusimama akasema: "Mzee, wengi walisema hapana, nanyi mkaamua ndiyo. Ni hoja ya nani iliyokushawishi?" Swali hilo ni fupi, lina heshima, limejengwa juu ya jambo linalojulikana, na haliwezi kujibiwa kwa "nawashukuru sana kwa kuja". Jingine ni la Mkapa. Aliandika waziwazi kwamba mauaji ya waandamanaji Zanzibar mwezi Januari 2001 yalibaki kuwa doa katika urais wake. Kiongozi akifika mahali pa kukiri hivyo kwa maandishi, swali la msomaji halipaswi kuwa la kumzomea. Linapaswa kumsogeza hatua moja mbele: ni nini angekiagiza tofauti siku ile?

Kama ni uzinduzi na kitabu hakijatoka, huna cha kusoma kabla, lakini una Hansard. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge, na mbunge yeyote aliyewahi kusimama kuchangia ameacha maneno yake humo. Saa moja ya kuzipekua inakupa msingi imara kuliko wiki nzima ya kusoma maoni mtandaoni.

Foleni ya saini inakwenda mbio. Msaidizi wa kwanza atakichukua kitabu na kukifungua ukurasa wa jina. Wa pili atashika simu yako apige picha. Mwandishi atainua uso, atauliza jina, atainama, ataandika, na tayari mkono wa nyuma yako umeshafika mezani. Una kama sekunde 20. Kwa hiyo andika jina unalotaka liandikwe kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa na ukichomeke ukurasa huo. Uingereza na Marekani wauza vitabu wana desturi hiyo, na inafaa kuigwa, kwa kuwa makelele ya ukumbini humgeuza Rehema kuwa Rahma na kosa likabaki milele. Nenda na kalamu yako ya wino wa kawaida. Wino wa jeli hupaka kwenye karatasi inayong'aa. Usimwekee mwandishi karatasi tupu asaini, wala bango, wala kadi ya chama. Na sekunde zako usizitumie kwa "nakukubali sana Mheshimiwa", ameshaambiwa hivyo mara mia. Taja ukurasa: "Nimesoma pale ulipojiuzulu." Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mauaji ya watuhumiwa huko Shinyanga ambayo yeye mwenyewe hakuyafanya. Mtu aliyefanya jambo kama hilo ukimtajia, atainua macho akutazame.

Tuje kwa wafuasi, ambao watu wengi huwapita kama samani za ukumbini. Nadhani hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Wapambe wanaomzunguka mwandishi, waliovaa suti na kushika simu tatu, wasalimie na uwaache. Kazi yao ni kukuondoa, na wanaifanya. Waliokuja na Coaster ya tawi, wenye fulana mpya na nyimbo, ni majirani zako hasa: mama wa genge, fundi, kijana wa bodaboda. Usiwadharau kwa kudhani wamelipwa nauli tu. Wengine wamelipiwa, ni kweli, na wengi wao pia wana sababu zao za kumpenda mtu huyo: alimzika baba yao, alisimamia shule ya kata, alikuja siku ya mafuriko. Sababu hizo huwezi kuzikuta kitabuni.

Wa kuwatafuta zaidi ni wazee wa chama. Utawaona safu za katikati, kofia zimepauka, kadi zao zina miaka mingi kuliko MC. Mzee wa Kinondoni au Temeke aliyekuwa wakala wa chama mwaka 1995 anakumbuka uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulivyovurugika Dar es Salaam, matokeo ya majimbo yote saba ya mkoa yakafutwa, na watu wakapiga kura upya Novemba 19. Goba wakati huo ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Anakumbuka pia uchaguzi mdogo wa Temeke wa mwaka 1996, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipoibuka mshindi. Historia hiyo imo vitabuni kwa mistari michache. Kwake imo kwa majina ya vituo, rangi za masanduku, na nani alilala wapi akilinda kura.

Namna ya kumfungua ni muhimu. Ukianza na "kwa nini mnamuunga mkono?" utakuwa umemtuhumu, naye atakupa hotuba. Anza na "Mzee, wewe ulimfahamu lini?" kisha nyamaza. Akishasimulia vya kutosha, uliza: "Kuna jambo ulilitegemea humu kitabuni halimo?" Mfuasi mwaminifu hujibu swali hilo kwa ukweli wa kushangaza, kwa sababu anajivunia kujua zaidi ya kilichoandikwa. Andika jibu lake siku hiyohiyo, nyuma ya kitabu kwa penseli kama huna daftari.

Kama wewe ni wa upande wa pili, nenda vilevile, ila usigeuze hafla ya mtu kuwa mkutano wako. Mwezi Julai 2012 Miguna Miguna alikipeleka Mombasa kitabu chake, Peeling Back the Mask, kilichomshambulia Raila Odinga aliyekuwa bosi wake, na vijana wakamvurugia mpaka akaondoka. Septemba 2010 Tony Blair alirushiwa mayai na viatu nje ya duka la vitabu Dublin, na siku chache baadaye akafuta kabisa hafla ya kusaini London. Hasira za watu juu ya vita vya Iraq zilikuwa na msingi. Lakini pale London msomaji aliyekuwa na swali kali juu ya vita hivyo alikosa nafasi ya kumuuliza uso kwa uso. Na sisi tuna sababu ya ziada: mfuasi unayetaka kumzomea Jumamosi ndiye mtakayebanana naye kwenye daladala ya Makumbusho Jumatatu asubuhi.

Hapo mlangoni au katikati ya shamrashamra atapita kijana na daftari akiorodhesha watu. Jina na namba ya simu ni sawa kama unataka kupata taarifa za mwandishi. Namba ya NIDA na namba ya kadi ya mpiga kura usitoe. Hakuna kitabu kinachosainiwa kwa namba hizo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na una haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi. Kwa upande wako pia, usimrekodi mzee aliyekusimulia mambo ya 1995 ukamrusha mtandaoni bila ridhaa yake. Alikuwa akizungumza na wewe, na maneno ya siasa yaliyokatwa vipande yanaweza kumletea mtu matatizo makubwa.

Ukisharudi, kisome kitabu chote, na usikisome peke yake. Kumbukumbu za mwanasiasa ni utetezi wa upande mmoja hata zikiwa za kweli tupu, na dawa yake ni kumweka jirani na mwenzake. Mkapa msome pamoja na kiongozi wa upinzani wa Zanzibar, Seif Sharif Hamad, ambaye kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 2009 katika kitabu cha mwanahistoria G. Thomas Burgess, pamoja na za Ali Sultan Issa. Ukitaka kuelewa uchumi wetu ulivyokwama kabla ya Mzee Rukhsa, tafuta From Goatherd to Governor cha Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye mwasisi wa Chadema, aliyeacha Wizara ya Fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ukikuta kosa la tarehe au la jina la mtu, mwandikie mchapishaji. Toleo la pili husahihishwa kwa barua za namna hiyo. Kisha kitoe kitabu rafuni. Goba ina wastaafu wengi, walimu na wanafunzi wa vyuo. Watu watano wakikutana jioni moja kwa mwezi barazani kwa mmoja wao, kitabu kimoja kilichosainiwa kinawatosha.

Mkapa alifariki tarehe 24 Julai 2020, miezi minane baada ya uzinduzi wake. Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024. Maswali ambayo hawakuulizwa siku zile hayatapata jibu tena kutoka kwao. Ukisikia mzee mwingine anazindua kitabu, nenda na swali lako likiwa tayari, na kama nyumbani kuna mtu aliyeishi miaka hiyo, mchukue muende naye.